Mfasiri Aliyesoma kwa Sauti

Mfasiri wetu wa zamani ametutoka. Alifia usingizini, nyumbani kwake Msimbazi, baada ya kuugua miezi mingi, na nakiri kwenu wasomaji wangu kwamba niliposikia nilishusha pumzi kabla ya kulia. Maumivu yake yamekwisha. Tena wiki mbili tu kabla ya hapo nilikuwa nimekwenda kumpa asante niliyokaa nayo tangu ujana.

Miaka ile ya Ujamaa tulikuwa kwenye kiwanda kidogo cha uchapaji cha umma pale Mchafukoge, mimi nikisahihisha prufu, zile kurasa za majaribio, nimeoa miezi mitatu tu. Yeye alitoka ng'ambo ya Ruvuma, na Kireno chake alifundishwa na mapadri. Alikuwa na daftari la safu tatu: Kiingereza, Kireno, Kiswahili. Kila ulipoletwa waraka wa kubana matumizi, na zililetwa nyingi, safu mbili za kwanza zilijaa maneno marefu yaliyovaa suti. Ya tatu hakuiandika mpaka ajue nani atakosa nini. Mkabala na *austerity* na *austeridade* aliandika: chai ya saa nne, kijiko kimoja cha sukari. Tulimcheka, tukamwita mbishi.

Tena hakukabidhi tafsiri yoyote bila kumsomea kwa sauti atakayeitia saini. Siku moja meneja alimpa tangazo la Kiingereza la kupunguza wafanyakazi, pamoja na orodha ya majina. Akalitafsiri, akaingia ofisini, akaacha mlango wazi kama kawaida yake.

"Wewe andika tu marekebisho ya matumizi, ndugu," meneja alisema.

"Marekebisho hayana mke wala chumba cha kupanga Kariakoo, Ndugu Meneja. Wenye navyo ni hawa."

Akaanza kusoma majina. La tatu lilikuwa langu. Mashine zilikuwa zimezimwa, kila mtu anasikia.

"Basi, inatosha. Lete hapa."

"Bado saba, Ndugu Meneja."

"Nimesema lete!"

Kesho yake lilibandikwa tangazo jingine: gari la meneja litaegeshwa, ovataimu imefutwa, na kile kijiko kimoja cha sukari nacho basi. Tulibaki sote. Sijapata kunywa chai tamu kama ile.

Kwa miaka mingi nilidhani kosa ni la lugha za watu. Wapi! Siku hizi hata kwa Kiswahili tunafukuzana kwa maneno laini, na meneja wetu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa hajawahi kuyasikia majina yale yakitamkwa.

Baada ya mazishi binti yake alinikabidhi daftari. Nilitafuta mstari wa kupunguza wafanyakazi. Kiingereza kipo, Kireno kipo. Kwenye safu ya tatu ameandika kwa penseli: hakutoka mtu.

Nawe uliyeshika kalamu leo, kabla hujatia saini, yasome majina. Yasome kwa sauti, mlango ukiwa wazi.