Mabamba Yaliyosuguliwa

Shangazi yangu ni mwoga, nasema wazi. Anaogopa paka, anaogopa radi, na mlango ukijifunga kwa upepo hapati usingizi. Lakini kazi yake ni kutunza vijidudu kwenye mitambo ya majitaka, na hapo hana mchezo. Mimi ndiye msaidizi wake, kwa hiyo kelele zake zote zinaniishia mimi.

Vijidudu hivyo vinaishi kwenye mabamba meusi ndani ya mapipa yaliyofunikwa. Vinakula uchafu wa maji, na vikila vinatoa umeme. Umeme wenyewe kiduchu, ila unatosha kuendesha king'ora cha hewa mbaya kwenye mdomo wa shimo la pampu. Taa yake ya kijani ikiwaka, king'ora kiko hai. Ikizima, hashuki mtu. Sheria ni ya shangazi, na hata meneja anaitii.

Mumewe ndiye fundi wa pampu. Tunamwita Bwana Safi, maana hata bisibisi anaifuta kabla ya kuitia mfukoni. Siku moja tuliambiwa wageni wanakuja kukagua. Shangazi alikuwa kliniki, nami nasafisha machujio upande wa pili. Bwana Safi akafungua mapipa, akaona mabamba yana ute unaonuka, akaona aibu. Akayasugua kwa dawa ya klorini mpaka yakang'aa. Jamani! Ule ute ndio vijidudu vyenyewe.

Shangazi aliporudi, taa imezima, pampu imeziba, na mumewe anafunga mkanda wa kushukia shimoni. Bwana Safi akamweleza alichofanya, tena kwa kujisifu kidogo: taa imezima kwa sababu ya kusugua tu, hewa haina neno.  Shangazi akamsihi asubiri tuazime kipimo cha hewa cha mkononi. Bwana Safi akacheka, akasema mke wake anaogopa hata kivuli chake, na wageni wako getini.

"Mume wangu, nakuomba," shangazi akasema. "Sijui humo chini kuna nini. Na wewe hujui."

Bwana Safi akashuka. Tukasikia spana ikigonga chuma, kisha kimya. Shangazi akaita. Akaita tena. Nikataka kumfuata, akanikamata shati kwa nguvu sijui alizitoa wapi.

"Ukishuka nitazika wawili."

Tukavuta kamba ya mkanda wake, mimi, yeye na mlinzi, viganja vinachubuka. 

Tukamlaza uwanjani, midomo imebadilika rangi. Shangazi akambonyeza kifua, akampulizia pumzi, akamgombeza, akambembeleza, akambonyeza tena. Mwishowe mumewe akakohoa, akafumbua macho. Nikashusha pumzi, nikajua yamekwisha.

Shangazi akamkumbatia akilia kwa kwikwi. Mumewe akaniangalia juu ya bega lake, akaniuliza kwa adabu kabisa, "Huyu mama analia nini? Amefiwa?"