Simu Aliyoifungua Baba

Baba alitengeneza redio pale Mlowo kwa zaidi ya miaka thelathini. Kibanda chake kilikuwa kando ya barabara kuu, jirani na wanunuzi wa kahawa na mahindi, na watu waliokuja kuuza mazao walimwachia redio zao asubuhi wakazipitia wakati wa kurudi. Mikono ilipoanza kumtetemeka, wateja walipungua mmoja mmoja bila kumwambia kitu. Mama alipofariki nilimchukua baba tukaishi naye Tunduma, nilikokuwa nafundisha shule ya msingi. Alikuja na nguo chache na sanduku lake la vifaa: pasi ya kuchomelea, mita ya mshale, bisibisi, koleo na kopo lenye waya wa risasi ya kuungia.

Wakati huo nilikuwa na simu ya tachi, ya kwanza maishani mwangu, niliyoinunua ikiwa imeshatumika. Kwa simu ile nilimpiga mama picha nyingi katika miezi yake ya mwisho, na mara moja nikamrekodi video. Amekaa mkekani anachambua maharage, ananiambia niache mchezo wangu nije nimsaidie. Haifiki hata dakika moja. Vyote vilikuwa ndani ya simu yenyewe. Sikuwa nimeweka kadi, wala sikujua kwamba vitu kama hivyo mtu huvihamisha akavitunza mahali pengine. Tukishakula, baba alikuwa akiniomba nimwekee video ile. Aliisikiliza kuliko kuitazama, maana macho nayo yalikuwa yameanza kumwacha.

Siku moja simu ikagoma kuchaji. Nikaazima chaja ya mwalimu mwenzangu, haikukubali. Betri ikaisha, kioo kikabaki cheusi. Baba akaniomba tuiangalie.

Tulikaa mezani Jumamosi mchana, mlango ukiwa wazi ili tupate mwanga. Mikono ilikuwa yangu, maelekezo yake. Alisema tuanze na betri. Nikaitoa, akanitaka niilaze mezani niizungushe kwa kidole. Ingezunguka kama pia ya watoto, ingekuwa imevimba. Haikuzunguka. Akaipima kwa mita, mshale ukapanda kidogo tu, akasema haina ugonjwa, ina njaa. Nikairudisha, nikachomeka chaja, akaniambia niisukume taratibu juu, chini, pembeni. Nilipoisukuma juu, alama ya kuchaji ikatokea kwenye kioo. Nilipoiachia ikapotea.

"Umeme unafika mlangoni, hauingii ndani," alisema. "Hapo pa kuchomekea pameachia miguu. Risasi imepasuka."

Alikuwa amechangamka kuliko nilivyomwona tangu msiba. Nilimwambia nitaipeleka kwa fundi wa sokoni Jumatatu nikitoka shule, kwa sababu vitu vya ndani ya simu ni vidogo mno. Aliinamisha kichwa akaanza kukusanya vifaa vyake. Sasa najua kwamba pale ndipo nilipomuumiza kwanza, lakini siku ile sikuona.

Jumatatu niliisahau simu nyumbani. Niliporudi, nilisikia harufu ya risasi iliyoyeyushwa nikiwa bado nje. Baba alikuwa mezani. Simu ilikuwa imefunguliwa, skrubu zimepangwa kwenye sahani kwa kufuata mahali kila moja ilikotoka, na bodi imelazwa juu ya kitambaa safi. Yeye alikuwa amebana mikono katikati ya magoti.

"Mkono umeteleza, mama," alisema. Ndivyo alivyoniita tangu utoto wangu.

Ningeweza kukaa chini. Ningeweza hata kunyamaza. Nilisimama nikiwa bado na madaftari ya wanafunzi kifuani, nikamwambia, "Baba, hii si redio. Nilikwambia naipeleka kwa fundi. Umenimalizia mama."

Aliinua ile sahani ya skrubu kwa mikono yote miwili akaniletea, akiangalia asimwage hata moja.

Nilikwenda sokoni siku hiyohiyo. Fundi alikuwa mtu wa makamo aliyejifunzia kazi upande wa Zambia. Aliiweka bodi chini ya lenzi akaitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza nani ameishika. Nikamweleza, kwa hasira bado, kwamba ni baba yangu, fundi wa redio, mzee wa mikono inayotetemeka. Akaniita nichungulie. Pale pa kuchomekea palikuwa na miguu mitano. Minne ilikuwa imechomelewa upya, safi, inang'aa. Kwenye wa tano pasi ilikuwa imeruka, ikang'oa njia ya shaba na kusomba vipande vya jirani vilivyo kama chembe za chumvi.

"Mwambie bashikulu aliona sawasawa," alisema, akitumia neno la Kibemba la kumheshimu mzee. "Ugonjwa ulikuwa hapahapa. Hata mimi ningeanzia hapa."

Alihangaika nayo karibu wiki mbili. Aliunga nyaya nyembamba kama nywele, akabadilisha alichoweza kubadilisha, lakini simu haikuamka. Alinirudishia kwenye mfuko wa nailoni, akaniambia kwa upole kwamba bodi imekufa na yaliyomo yamekwenda nayo.

Nyumbani baba alikuwa ananisubiri kwenye kiti chake. Nilisema neno moja tu, "Imeshindikana," nikaingia jikoni. Salamu ya fundi sikuifikisha. Niliona nikimwambia alikuwa sahihi, nitakuwa nimemsamehe, na nilikuwa sijataka kumsamehe. Nilijiambia nitamwambia hasira ikipoa. Ilipopoa, aibu ikaingia mahali pake, maana ningelazimika kueleza kwa nini nilikaa na neno lile muda wote huo.

Yeye hakugusa tena sanduku lake. Jirani alileta redio iliyokuwa ikikwaruza, nikamsikia baba akimjibu kwa adabu kwamba kazi ile ameisahau. Nilikuwa chumbani, nasahihisha hesabu za darasa la tano. Nilibaki na kalamu mkononi mpaka jirani akaondoka.

Mvua zilipoanza alipooza upande wa kulia. Hospitali walimlaza siku kadhaa, kisha tukarudi naye nyumbani. Maneno yalimtoka polepole, mengine nusunusu. Asubuhi moja nikimlisha uji, alisukuma kijiko kando.

"Ile simu," alisema. Akapumzika. "Fundi alisema... ugonjwa ulikuwa nini?"

Alikuwa amelihifadhi swali lile miezi yote. Nami nilikuwa na jibu, neno kwa neno. Lakini nilikuwa nimechoka, nachelewa shule, na niliogopa kulia mbele yake.

"Ilikuwa imekufa tu, baba," nikasema. "Bodi nzima."

"Aa," alisema. "Kumbe nilikosea."

Akafungua mdomo kwa ajili ya kijiko kingine, nami nikampa. Alifariki kabla ya wiki ile kuisha.

Tulimzika Mlowo, ubavuni mwa mama. Baada ya mazishi wanaume walikaa uani kwenye mabenchi ya kuazima, wazee waliomfahamu tangu ujana, wakamzungumzia. Mmoja, aliyekuwa na duka karibu na kibanda chake, alisema marehemu alikuwa akisikiliza redio kidogo tu kabla hajaifungua, kisha anakwambia kilichoharibika, na akiifungua mnakikuta ni hichohicho. Wenzake wakaitikia. Kaka yangu mkubwa alinigeukia akaniuliza kama hata uzeeni alikuwa hivyo.

Nikamwambia ndiyo. Halafu nikachukua birika nikaendelea kuwamiminia chai.