Samaki wa Mzee Tomu

Nimekulia kambi ya wakimbizi Kigoma, na kwetu samaki akishavuliwa, safari yake ni sufuriani. Novemba, mzee Tomu, msimamizi wangu ghalani hapa Cheektowaga, Marekani, alinipeleka kwenye mto wa milimani kuvua trauti, samaki wa maji baridi, kwa ndoano ya manyoya mfano wa nzi. Mke wangu nilimwacha akiandaa mafuta.

Kila samaki aliyenaswa, mzee alimshika taratibu, kisha nikaona kamponyoka. Wa nne huyo! Nikamhurumia: uzee, na maji baridi vile. Nikageuza uso nisimwaibishe.

Wa tano alikuwa mkubwa, mwenye pezi lililochanika. Mzee alipoinama naye majini, nikawahi na jiwe, nikampiga samaki kichwani.

“Tumempata, mzee!”

Alimtazama samaki, akanitazama mimi.

“Huyu namjua,” akasema polepole. “Kila mwaka huwa namwachia.”