Jiwe Lisilo na Ukoo

Dada yangu aliolewa na mwalimu mwenzake katika kijiji kilicho milimani juu ya Sondu, mahali ambapo watu wa mjini walikuwa wakipanda kwenda kuona mawe makubwa na nyota. Baba hakuwa na haja na vyote viwili. Dada aliondoka kabla ng'ombe hata mmoja wa mahari hajafika kwetu Kisumu, na ng'ombe walipofika Baba alisema wamekonda. Kwa miaka sita dada aliandika barua akimwomba aje aone tu anapoishi. Mimi ndiye niliyekuwa nikimsomea. Baba alisikiliza huku akiifungua na kuifunga redio.

Mwaka wa themanini na tisa alikubali, kwa masharti.

"Nitakula, nitaona hayo mawe, nitarudi leo leo. Nyota iko hata Kondele, mjini kwetu."

Alikula kuku. Alionyeshwa jiwe kubwa kuliko nyumba, akaligonga kwa fimbo, akasema ni jiwe. Saa tisa mvua ikanyesha, barabara ya mteremko ikawa uji, na pikapu iliyokuwa ije kutuchukua haikupanda.

Shida ikaanza hapo, maana kwetu baba wa binti haruhusiwi kulala katika boma la mkwe wake, hata kuwe na mafuriko. Shemeji akapendekeza kwa jirani. Baba akauliza jirani ni wa ukoo gani. Binamu. Na yule wa pale chini? Binamu pia. Kijiji kizima kilikuwa mkwe wake.

"Na lile jiwe?" Baba aliuliza.

Shemeji, mtu mpole mno, alifikiri kidogo, akasema jiwe halina ukoo.

Basi tukapandisha viti, mablanketi na chupa ya chai juu ya lile jiwe. Mimi nilibaki na Baba na dada kwa sababu chai ilihitaji mtu wa kuimimina. Mawingu yaliondoka na nyota zikatoka nyingi mpaka zikakera. Baba aliziangalia kwa muda ule ambao adabu inadai, kisha akamwona dada hazitazami. Alikuwa ametazama chini, kule tambarare ya Kano inakoishia ziwani.

"Unaangalia nini, nyara?"

Hakuwa amemwita hivyo, "binti yangu", tangu aondoke.

"Taa za Kisumu, Baba. Mimi nakuja hapa karibu kila jioni. Wageni wanaangalia juu, mimi naangalia nyumbani."

Baba alijifunika blanketi vizuri. Alikohoa, ingawa hakuwa na kikohozi.

"Kwetu ni ipi hapo?"

"Sijui, Baba. Ziko mbali. Nilichagua tu moja, ile ya peke yake karibu na maji."

Baba aliinuka, akageuza kiti chake kikaelekea huko, akaketi.

"Nionyeshe," alisema.