Jagi Lililotia Ndimu Utamu

Saa nne asubuhi, na vyombo vinalia.

Hakuna aliyevigusa. Vimepangwa juu ya ubao kando ya tanuri tangu jana, vikombe, bakuli na sahani mbili pana, na karakana nzima imetulia. Kisha, tik. Kimya. Tik, tik. Mwanamke mwenye aproni iliyokauka udongo anainua kidole kumnyamazisha mwandishi wa makala haya, ambaye wala hakuwa anasema kitu.

"Huyo ni yule wa pembeni," ananong'ona. "Kaanza jana jioni. Hatanyamaza leo wala kesho."

Anakichukua kikombe cha pembeni na kukiinamisha kwenye mwanga wa dirisha. Ndani kuna nyufa nyembamba kama nywele, na nyingine inajichora pale pale tunapotazama. Kioo kimekibana kikombe chenyewe, anaeleza, kama nguo iliyoshonwa ndogo. Inafumuka kidogo kidogo.

"Uji utaingia humo na hautatoka," anasema. "Huyu hafai kwa chakula."

Kioo ndilo jina ambalo wafinyanzi hawa hulitumia kwa ule ute unaopakwa chombo kabla hakijarudishwa motoni. Ukiyeyuka, hugeuka gamba gumu linalong'aa. Huchanganywa kwa majivu, mchanga uliosagwa, unga wa mawe na madini ya kutia rangi, na kila fundi ana mapishi yake. Mwanamke huyu anaishi kwa kufinyanga vikombe. Kazi yake ya pili haimlipi hata senti: anaamua kioo kipi kinafaa kwa meza ya chakula na kipi kitamdhuru mtu. Wenzake wanamwita Mama Ndimu.

Sababu ya jina iko meza ya nyuma. Vigae vidogo vya udongo vimepangwa safu kwa safu, kila kimoja na kipande chake cha ndimu kilichofunikwa kwa kifuniko cha kopo tangu jana. Anavifunua kimoja kimoja na kuondoa ndimu. Vingine viko vilevile, viking'aa. Vingine vina duara jeupe mahali ndimu ilipolala, rangi imeliwa, na meza hiyo sasa inatukodolea macho. Mwandishi si jasiri, na anasogea upande wa mlango.

Wafinyanzi wapatao tisini, wa mbali na wa karibu, hutumiana mapishi kwa simu. Aliyepata kioo kizuri hafichi. Anajirekodi akitaja vipimo, kisha anamtumia Mama Ndimu kigae kwa mkono wa yeyote anayekuja upande huu.

"Tatizo ni moja," anasema. "Mapishi yanasafiri, moto hausafiri. Mwenzako tanuri lake kali, lako linachoka njiani. Mmepika kitu kimoja, chake kimeiva, chako kibichi. Na kioo kibichi hakitunzi siri, kinarudisha kilichomo."

Hukumu zake ni tatu. Kuna kioo cha meza, kuna kioo cha maua, halafu kuna msumari. Chombo kilichokwisha kuhukumiwa msumari hutobolewa chini ili asije mtu akakinywea kwa bahati mbaya. Ndimu ikikataa, naye anakataa. Ikikubali, bado ana wasiwasi, na chombo cha mashaka hukipeleka maabara, ambako kipimo kimoja ni bei ya vikombe vyake kumi na viwili. Kwa hiyo haendi kila wiki.

Mlango unatiwa giza. Anaingia mfinyanzi mrefu kupita kiasi, wanayemwita Twiga, akiwa ameinama, na boksi mkononi.

"Mama, leo nimeleta mambo!" anasema, na kutoa kikombe.

Lazima tuseme ukweli: ni kizuri. Kijani chake kina kina, kama majani ya mgomba baada ya mvua, na mtu anajikuta ameshanyoosha mkono. Twiga anaeleza kwamba mgahawa mmoja umeagiza arobaini, na hiyo kwake ni hela ya miezi mitatu.

Mama Ndimu hajakigusa. "Mapishi umeyatoa wapi?"

"Jamaa kanirushia." Twiga anabonyeza simu yake.

Sauti ya mwanaume mzee inajaa karakana. Inakohoa, inajikohoza tena, inataja vipimo taratibu, huku nyuma yake kitu kikigongwagongwa. "Kijani changu hiki, wanangu, sikinyimi mtu," inasema, na kucheka. "Mkiharibu msiseme mimi ndiye niliyewafundisha. Haya, pikeni!"

Mama Ndimu ametugeuzia mgongo. Anaosha bakuli ambalo lilikuwa safi.

"Huyo ni baba yangu," anasema. "Huu mwaka wa sita tangu tumzike."

Twiga anaitumbukiza simu mfukoni kwa haraka, na kidole kinateleza. Mfukoni mle, mzee anaanza kukohoa upya.

Kijani kile, Mama Ndimu anatusimulia baada ya Twiga kufanikiwa kuinyamazisha simu, kilipikwa kwa unga wa madini ya risasi yaliyotolewa kwenye betri kuukuu za magari. Zamani mafundi wengi walifanya hivyo, maana risasi huyeyusha kioo hata kwenye moto mdogo. Baba yake hakujua madhara yake. Alimpa mapishi kila aliyeomba, na alipopata simu alijirekodi akawarushia wote. Mwishoni mikono yake ilianza kudondosha vitu, akawa anagombana na ukuta. Watu walisema amerogwa.

"Baba angekuwa mchoyo, watu wangepona," anasema. "Labda na yeye mwenyewe. Sijui. Siwezi kumfukua nimuulize."

Twiga anakitazama kikombe chake. "Hata hujakipima kwa ndimu, Mama."

"Chenye risasi sikipimi. Risasi inaweza kutoka na kioo kikabaki kinakuchekea."

"Lakini watu wamenywea vyombo vya Mzee miaka nenda rudi! Mbona wapo?"

Mama Ndimu anafuta mikono. Anaviringisha kitu kikubwa ndani ya kitambaa, anatia kwenye kikapu nyundo ndogo, msumari na ndimu chache.

"Twende ukamwone aliyenywea," anasema.

Njiani, mwendo mfupi tu nyuma ya maduka, anatueleza habari za Shangazi, dada wa baba yake, aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Shangazi ana jagi la kijani alilopewa na kaka yake zamani. Humo huweka maji ya ndimu, usiku na mchana, na hajawahi kutia sukari. Mtaa mzima unajua kwamba ndimu ikilala kwenye jagi lile huamka tamu. Wanasema ni baraka za marehemu.

"Ni risasi," anasema Mama Ndimu. "Ikikutana na kitu kichachu inatoka, na ladha yake ni tamu."

Twiga anapunguza mwendo.

Miezi michache iliyopita tumbo la Shangazi lilianza kumsokota, na kiganja cha kulia kikaanguka, kisiinuke tena. Hospitali walikuta risasi kwenye damu. Dawa walimpa, lakini kwanza aliache jagi. Mara tatu Mama Ndimu amemwomba, mara tatu amefukuzwa kama mwizi. Mwandishi anauliza kwa nini asilichukue kimyakimya.

"Kazi yangu ni kuwaambia watu kilichomo kwenye chombo. Leo nianze kumwibia aliyenilea?" Anatembea kidogo. "Na kuna jambo sijamwambia. Daktari alisema risasi haibaki kwenye damu tu. Inakwenda kukaa kwenye mifupa, na huko inakaa miaka. Hilo nimeshindwa. Nitamwambiaje?"

Chumba cha Shangazi ni safi mno. Kuna kitanda chenye shuka iliyonyooshwa, meza iliyotandikwa plastiki ya maua, kalenda ya mwaka uliokwisha pita na viti vitatu. Mwenyewe amekaa kitandani, mdogo, amepauka, mkono wake wa kulia juu ya paja, kiganja kimelala kama kichwa cha bata aliyesinzia.

Tunamsalimu shikamoo, anaitikia marahaba moja kwa wote. Mwandishi anavuta kiti kilicho karibu.

"Hapo pana mtu," anasema Shangazi, bila ukali wowote.

Mwandishi anabaki amesimama. Tangu hapo anajitahidi asikitazame kiti kile, na macho yake hayataki kuangalia kitu kingine.

Jagi liko katikati ya meza. Ni kijani kilekile cha kikombe cha Twiga, ila limezeeka na kufifia kwa ndani, na lina nyufa za nywele mwili mzima. Shangazi anamwagiza Twiga aongeze maji ya baridi kutoka kwenye mtungi, kisha anatufanyia ishara tunyamaze.

Tik, linasema jagi. Tik.

"Mnamsikia?" Shangazi anatabasamu. "Akiona wageni lazima aseme neno. Wamiminie, mwanangu."

Twiga anashika kikombe kama aliyeshikishwa nge. Mwandishi ni mgeni, macho ya mwenyeji yako juu yake, na adabu ni adabu. Anaonja tone moja kwa ncha ya ulimi. Hakuna sukari, Shangazi ameapa. Ni ndimu tupu, tangu juzi. Na ni tamu. Utamu laini, unaokawia mdomoni, unaomfanya mtu atake tone la pili.

"Tema," anasema Mama Ndimu kwa sauti ya chini.

Mwandishi anatema kwenye kitambaa chake cha mfukoni. Hajawahi kukifua. Alikitupa.

"Shangazi," anaanza Mama Ndimu, akipiga magoti mbele ya kitanda, "nimekuja tena kwa habari ya jagi."

"Na mimi nakujibu tena. Ukilichukua, nitamsikilizia wapi?"

"Litakuua, Shangazi."

"Mimi ni kijana? Kaka yangu aliniachia kitu kimoja tu duniani. Nikikutoa hapa mezani," anakiambia kiti kitupu, "utakwenda kukaa wapi?"

Mama Ndimu anainamisha kichwa. Anajua neno lililobaki, na halitoki. Hapo Twiga, aliyekuwa amejibana ukutani jasho likimtoka, anashindwa kujizuia.

"Bibi, imeshaingia kwenye mifupa! Daktari kasema! Iko mifupani mwako!"

Mama Ndimu amefumba macho. Mwandishi anasikia jagi likilia mara moja, na anaapa lililia kwa nguvu kuliko mwanzo.

Shangazi anauinua mkono wake mbovu kwa ule mzima. Anaupapasa taratibu, kuanzia kiwiko mpaka kifundo, akibonyeza, kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye pindo la nguo.

"Mifupani," anasema. "Iliyotoka kwenye jagi hili?"

"Ndiyo, Shangazi," anajibu Mama Ndimu, machozi yakimdondoka. "Nisamehe. Nilikuhurumia."

"Na haitoki?"

"Itakaa miaka mingi."

Halafu uso wa Shangazi unafunguka kwa furaha ambayo hakuna kati yetu aliyeitarajia, na ambayo inasimamisha nywele.

"Kumbe ameshaingia," anasema. "Siku zote nalinda mlango, na mwenyewe yuko ndani." Analisukuma jagi kwa mkono wake mzima mpaka ukingoni mwa meza. "Chukueni. Ila msilivunje."

"Sitalivunja. Nitalitoboa tu."

Anafanya hivyo hapo hapo kizingitini, kabla Shangazi hajabadili mawazo na kabla yeye mwenyewe hajaishiwa nguvu. Anamwaga yaliyomo mchangani, analipindua jagi la baba yake juu ya magoti, anaweka msumari. Mapigo ya kwanza yanamshinda. Twiga anachuchumaa, analishika jagi lisicheze. Msumari unazama. Kisha kijana huyo mrefu anakitoa mfukoni kikombe chake cha kijani, kile cha miezi mitatu, na kumkabidhi.

"Na hiki," anasema. "Vingine viko nyumbani, nitavileta kesho. Mgahawa nitawaambia wasubiri."

Mama Ndimu anasema hana ndoto ya kuifuta sauti ya baba yake. Imeshapita kwenye simu nyingi mno, na tena, anakiri, hangeweza. Anachokipanga ni kujirekodi na yeye, mara tu atakapoweza kulitaja jina la marehemu bila kulia. Ataeleza kijani kile ni cha ukutani tu, atatoa mapishi ya kijani kingine na kutaja moto wake, kisha ataomba kila aliye na sauti ya mzee aitume pamoja na yake.

"Popote atakapofika, nataka nimfuate nyuma," anasema. "Kama nilivyokuwa namfuata nikiwa mdogo."

Kijani hicho kingine ndicho kilichokuwa kwenye kitambaa. Ni jagi jipya, umbo ni la lile la zamani, halina risasi. Ndimu imelikubali na maabara pia. Limekaa karakana wiki mbili bila kulia hata mara moja. Mama Ndimu analiweka katikati ya meza, anakamulia ndimu, anatia maji, anammiminia Shangazi kikombe na kumshikia mdomoni.

Bibi anapiga funda moja. Uso mzima unajikunja.

"Chachu!"

"Ndimu ni chachu, Shangazi."

Shangazi anamtazama, kisha anakigeukia kile kiti, kana kwamba yupo wa kumsaidia kuthibitisha.

"Tangu lini?" anauliza.