Usafi wa auntie ulivyokaribia kumnyima Mama Kyalo jiko, huku Ikutha

Kwaru. Kwaru. Kwaru.

Wakuu, hamjambo huko mliko. Sauti hiyo iliniamsha kabla sijafungua macho, na haya mengine yote niliyaona mwenyewe, sikusimuliwa na mtu.

Mimi ni mwandishi wa riwaya, kwetu ni Makueni. Nilikuja Ikutha kwa Auntie Mbinya kutafuta utulivu nimalize kitabu.

Kitabu bado. Ila nimepata hiki kisa.

Niliingia jikoni nikamkuta auntie amepiga magoti, anasugua jiko kwa waya wa sufuria. Si jiko la kawaida. Ni la udongo na matofali, linakula kuni kidogo. Kina mama wa kikundi chake walijengewa na mradi unaolipiwa na kampuni ya ng'ambo ya nguo na viatu vya michezo. Kampuni imeahidi kupunguza hewa ukaa yake mpaka ifike net zero, yaani isiongeze hewani zaidi ya inachoondoa, na kuni ambazo auntie hachomi zinahesabiwa kwenye hiyo ahadi.

(Hebu fikirieni. Mtu anakimbia marathon huko mbali, na kipande cha ahadi ya kiatu chake kinachemka chini ya mahindi na maharagwe ya auntie. Niliwaza hilo hadi chai ikapoa.)

"Auntie, kwani unataka kulitoboa?"

"Kesho mkaguzi anakuja. Akute masizi aende aseme wanawake wa Ikutha ni wachafu?"

Kwetu mgeni akitangazwa, hata mbuzi yuko hatarini kuogeshwa. Kikundi kizima kilikuwa kimesugua majiko na kuyapaka udongo mweupe. Wiki nzima hakuna aliyewasha.

Walipika wapi? Kwa jirani, Mama Kyalo, juu ya mawe matatu.

Mama Kyalo hakupata jiko awamu ya kwanza. Ana kifua kibaya. Moshi ukimwingia anakohoa mpaka anashika ukuta. Jina lake lilikuwa la kwanza kwenye awamu ya pili, na awamu ya pili ingekuja tu kama ukaguzi ungeonyesha majiko ya kwanza yanatumika.

Mnaona tunakoelekea.

Mkaguzi alifika kwa boda, dada mpole wa Nairobi aitwaye Njeri. Aliinama, akatia mkono ndani ya jiko la auntie. Ukatoka mweupe. Nyumba ya pili, mweupe. Ya tatu, jiko lilikuwa limefunikwa kitambaa cha kufuma, juu yake maua ya plastiki.

"Mama," akamwambia auntie polepole, "haya majiko hayatumiki."

Auntie akacheka, akidhani anasifiwa. "Eh! Yako kama mapya, sivyo?"

"Ndiyo maana. Itabidi niandike hivyo. Awamu ya pili itasimama."

Kicheko kikakauka. Hapo tukasikia kikohozi ng'ambo ya ua.

Njeri aliufuata moshi. Akakuta sufuria tano zikingoja zamu, kuku wa kumkaribisha yeye mwenyewe akiwemo, na Mama Kyalo katikati, macho mekundu, hasira tele.

"Afadhali umekuja," Mama Kyalo akasema. "Waambie hawa wachukue kuni zao! Wananiletea vijiti vifupi kama vijiko. Nikiviweka vinaangukia kati ya mawe, sufuria inalala. Kuni zangu mimi ni ndefu, nazisukuma zikiungua."

"Mbona zao ni fupi?"

"Si ni za lile jiko lao! Mdomo wake mdogo. Tangu wajengewe wanakatakata tu, hata usingizi mtu hapati."

Njeri alirudi nyuma ya nyumba zile tatu. Kila mahali rundo la kuni fupi, zimepasuliwa nyembamba, za chini zimeshaota utando wa buibui, dalili kwamba zilikatwa kitambo, si za kumwonyesha mkaguzi. Nani atakatia kuni jiko asilolitumia?

"Mwanangu," auntie akasema akitazama chini, "tulikuoshea."

Njeri alicheka mpaka akaketi. Kisha akasema, "Washa." Njiti moja, vijiti vitatu, na chapati ikaanza kufura. Mkono wa auntie haukutafuta kitu, kama wa mtu anayelipikia jiko hilo kila siku.

Lakini hakutufichia. Aliandika majiko yanatumika, na ile wiki ya mawe matatu akaiandika pia, kama ilivyokuwa. Akasema atarudi bila kutangaza. Akarudi, akakuta moto. Mama Kyalo akajengewa.

Kosa langu nalikiri: barua ya ukaguzi ni mimi niliyewasomea, nikaishia kwenye tarehe, sikufika palipoandikwa majiko yaachwe yatumike kama kawaida.

Nilichojifunza? Kitu kinachofanya kazi kiachwe na masizi yake. Hata kwenye riwaya yangu kuna kurasa nilizosugua mpaka moto ukazima. Nayo kampuni isisahau moshi wa viwanda vyake, maana jiko la auntie haliwezi kuubeba wote.

Walio na majiko haya, Kabati hadi Makueni, ninyi mkaguzi aliwakuta vipi? Mwageni hapa.

Nikiandika haya, Mama Kyalo ameingia, kifua kimetulia, uso unang'aa.

"Mbinya, niazime ule waya. Nasikia kuna wageni wiki ijayo."

Auntie amemshika bega, amemsindikiza nje taratibu kama bibi harusi, na mlango umefungwa nyuma yake.