Wali Uliolala na Joto

Kantini nzima ya kiwanda cha nguo ilimwita mpishi wake Pua, naye jina hilo alilipenda kuliko alilopewa na wazazi. Kwa miaka ishirini na mbili hakuna mchuzi uliotoka jikoni kabla hajaunusa. Akikunja uso, chakula kinamwagwa, hakuna rufaa. Hata majirani walimletea mabakuli yao mlangoni awahukumie.

Nyumbani aliishi na dada yake mkubwa, mjane aliyedhoofishwa na figo. Jumapili jioni walikula wali na samaki wa kukaanga, walionunuliwa kwa jirani yao muuza samaki. Wali uliobaki Pua aliufunika, akaizungushia sufuria blanketi kuukuu ili uamke na uvuguvugu, kama alivyofanya maisha yake yote. Alfajiri akanusa: safi kabisa. Akaupasha mpaka ukafuka, akampa dada yake, yeye akaondoka na njaa yake kwenda kazini.

Saa nne akaitwa. Dada yake alikuwa ametapika mpaka hana cha kutapika, amelazwa hospitali, macho yamezama.

Uani hukumu ilikuwa imeshatoka. "Ni wale samaki," majirani walisema. Pua alisikia, akapita kwenda hospitali.

Jioni muuguzi alimuuliza walikula nini na lini, naye akaeleza hadi blanketi.

"Samaki mlikula wote wawili," muuguzi alisema. "Wali wa asubuhi kala nani?"

"Yeye peke yake. Lakini niliunusa, mwanangu! Na moto niliuwasha kweli."

"Mama, ule uvuguvugu ndio vijidudu vinaoupenda. Vinaacha sumu isiyonuka, na ukipasha haitoki. Wali ukibaki, utandaze upoe haraka, uingie kwenye friji. La sivyo, umwage."

Pua alishika ukingo wa kitanda. Aliogopa kumpoteza dada yake, na, tuseme ukweli hata kama unauma, aliogopa pia kulipoteza jina. Nani angeleta bakuli lake kwa pua iliyokaribia kuua?

Basi siku nne alikula kimya chake. Dada yake akarudi nyumbani, mwembamba kama ufito, lakini hai. Nje, meza ya muuza samaki ilishinda imejaa, barafu ikiyeyuka na kudondoka chini. Samaki mmoja akioza, wote wameoza. Wateja walipita upande wa pili wa njia, wengine wakiziba pua kwa makusudi.

Siku ya tano muuza samaki alimsimamisha Pua mbele ya watu, ameshika samaki kwa mikono miwili.

"Shoga, wewe wanakuamini. Nusa, uwaambie."

Ilikuwa njia rahisi. Angenusa tu, aseme wa leo ni wazima, jina libaki palepale.

"Sinusi," Pua alisema, machozi yakimtoka. "Samaki wako hawakuwa na kosa hata siku ile. Ni wali wangu. Niliulaza na joto, nikaiamini pua. Nimejua tangu Jumatatu, nikakuacha uchekwe."

Muuza samaki alimrudisha samaki kwenye barafu, akampa kisogo.

Ndipo dada mkubwa akatoka ndani, akishika ukuta hatua kwa hatua mpaka mezani.

"Nipe huyo," alimwambia muuza samaki. Kisha akamgeukia mdogo wake. "Na wewe, pika wali wa leo tu."